Picha ya Saa Kumi

"Kaka, mwaka umetimia. Hizo picha zako anaziangalia nani?" dada yake alimuuliza fundi saa mstaafu kwenye simu.

Kila siku, saa kumi kamili, alipiga picha moja ya barabara kutoka dirishani kwake. Leo aliamua basi, inatosha. Akaketi kitandani na kamera, akaanza kuzifuta moja moja.

Alipofika ya arobaini, kidole kikaganda. Ng'ambo ya barabara, kwenye ukingo wa dirisha, palikuwa na birika. Picha iliyofuata, kiatu chekundu. Iliyofuata, mwavuli. Akazipitisha mbiombio: redio, taa, kofia ya mtoto. Kila siku kitu kipya, kimegeuzwa kumwelekea yeye. Mzee mzima, mwaka mzima, macho yote barabarani!

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika moja. Akainuka huku magoti yakimlia, akasogeza pazia.

Leo ukingo ulikuwa mtupu. Nyuma ya dirisha hilo la ng'ambo alikaa mwanamke wa rika lake, nywele kazichana vizuri, ametulia tuli kama mtu aliyeambiwa asipepese macho.