Nakshi ya Mama Yangu

Mahakama ya Ubunifu ina viti laini na baridi ya kuingia mifupani. Jaji, makamo ya mwanangu wa mwisho, aliutandaza mkeka wangu mezani, akauliza nani alinifundisha nakshi ile ya zambarau na nyeusi. Nikamwambia ni mama yangu, kule Wete.

"Ana hati?"

"Ana kaburi, baba."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akasema nakshi imesajiliwa na kampuni. Nimeruhusiwa kuisuka mpaka nife, ila kumfundisha mtu ni kosa la jela.

Nikarudi nyumbani na hasira zangu. Miaka sitini vidole vyangu vinasuka, leo vina mwenyewe!

Jana, nikiwa katikati ya mkeka, vidole vikaisahau nakshi. Nikamwita binti yangu Mwanakheri, aliyejifunza nusu kabla ya kesi.

"Hebu tazama, mwanangu. Hapa chane nyeusi inapita juu au chini?"

Akautazama mkeka. Anajua, nilimwona anajua. Kisha akakitazama kisikilizio ambacho kampuni ilitufungia ukutani baada ya kesi, kinase kila tunalosema.

"Mama, nisamehe," akanong'ona. "Kukukumbusha nako ni kufundisha."