Kipande cha Katikati

Kompyuta kumi na mbili za karakana zilikuwa zimegawana daraja la mji, kila moja kipande chake, zikiigiza mafuriko ya masika ili ijulikane kama litahimili. Hakuna iliyosonga mbele bila jibu la jirani yake. Kumi na moja zilikuwa zimenyamaza, zikiisubiri ile kuukuu ya pembeni.

"Dada Siwema, tuitoe hii," alisema fundi Shomari. "Inatuchelewesha, na watu wa soko wamejaa mtoni wanangoja ruhusa ya kuvuka."

Siwema alilijua hilo. Kompyuta ilikuwa ya Abeid, mumewe, naye ndiye aliyeizoesha kubeba kipande cha katikati. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu Abeid avuke daraja lilelile na begi moja, akisema atarudi kabla ya mvua. Kila masika Siwema aliipa kipande kilekile.

Aliweka kiganja juu yake. Ilikuwa ya moto, ikihema.

"Haya," alisema. "Katikati ibebe nyingine."

Kabla ya adhuhuri jibu likaja: daraja litasimama. Shomari akakimbia kuwaambia watu, mkono ukinyooka njiani kuuchomoa waya wa ile kuukuu.

"Usiichomoe, kaka!"

Alipobaki peke yake, Siwema aliipa kipande kisichobeba uzito wowote: ukingo wa ng'ambo, pale barabara ya kurudi mjini inapoingia darajani. Taa yake ndogo ikaanza kumeta. Nje watu walikuwa wakivuka. Siwema akageuza kiti kuelekea dirishani, akaketi kusubiri jibu.