Bundi wa Ghalani

Asubuhi Sikudhani alifungua ghala kuchota mtama wa uji wa mama yake mgonjwa, akamkuta bundi ametua juu ya boriti. Mkono wake uliokota jiwe kabla hajafikiri. Bundi akitua penye mgonjwa, watu huanza kuulizana habari za sanda. Ndiyo maana mwaka jana, misiba ilipofuatana, mji mzima uliukata mvule wa makaburini na kuvichoma moto viota vyote vya bundi. Yeye mwenyewe alibeba kuni.

Tangu hapo panya wamejaa. Wamemaliza mbegu, wamekula hata sabuni, na usiku wanamng'ata mama nyayo huku wakimpulizia, anaamka ana vidonda asijue vimetoka wapi.

Alinyanyua jiwe. Bundi hakuruka. Aligeuza shingo tu, na chini ya kucha zake ulining'inia mkia wa panya.

"Mwanangu, mbona umeduwaa mlangoni?" aliuliza jirani yao, Mzee Chande, ambaye ndiye aliyeshika shoka siku ile. "Kuna nini humo?"

Chumbani mama alikohoa, kikohozi kirefu kuliko cha jana.

"Hamna kitu, mzee," alijibu Sikudhani. Akaurudishia mlango wa ghala bila kuufunga, akaingia chumbani kwa mama.

Mama, ambaye hata kitandani hakukubali mtu amchagulie mtama, alikuwa amepakata ungo akisubiri. Sikudhani akakunjua kiganja juu ya ungo, likadondoka jiwe.