Kuku na Sifa za Mashudu ya Soya

Paka alikuwa amechoshwa na Kuku, aliyehubiri kila asubuhi kwamba wanyama wote wa ua ule waache nyama, wale mashudu ya soya kama yeye.

"Ushahidi uko wapi?" akauliza Paka.

"Nitazame mimi ninavyonawiri."

"Wewe ni kuku, shoga. Tumbo lako si langu."

Kuku hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Mwishowe Mbwa, mwepesi wa kuamini, akashawishika. Akaenda moja kwa moja kwenye chombo cha Kuku, akala mashudu yote. Kesho yake vilevile.

Kuku akamjia Paka mbio, ana njaa. "Shoga, mwambie Mbwa arudie nyama."

Paka akashusha pumzi. "Nitamwambia. Akiniuliza nyama ya nani, nimjibu nini?"