Askari wa Bure

Mkunga alisukuma askari wake mweusi hadi katikati ya ubao, mahali pa kuliwa, kisha akakunja mikono.

"Umekosea," kaka yake akasema. "Rudisha."

"Sijakosea. Kula."

Ilikuwa hatua ya pili tu ya mchezo. Kaka alikuwa mpima ardhi, mtu asiyevuka hata mtaro bila kuupima. Alimtazama mdogo wake kana kwamba ametoka nje bila viatu. Halafu akamla yule askari.

Daktari alikuwa amesema mama yao asiishi tena peke yake. Wiki mbili ndugu hao walibishana ahamie kwa nani, mpaka simu zikapata moto, na hakuna aliyekubali kulegea. Mwishowe mama mwenyewe, aliyewafundisha sataranji tangu wakiwa vibogoyo, akaweka ubao mezani.

"Mchezo mmoja," alisema. "Ubao ukishaamua, sitaki kesi tena."

Sasa alikuwa jikoni akiosha vyombo, redio ikinguruma.

"Hiyo redio huamka nayo alfajiri," mke wa kaka alinong'ona huku akiuma kucha.

"Na sufuria hapiti bila kuifunua," mume wa mkunga akajibu. "Chumvi haijawahi kumtosha." Asubuhi ile alikuwa amemwambia mkewe: ukishindwa, usirudi nyumbani.

Mkunga akarusha farasi. Kaka akamzungushia ulinzi yule askari wake aliyekula, sasa mnono. Askofu mweusi akamtishia mfalme. Kaka akaziba njia. Malkia mweusi akasogea hatua moja, kimya kimya. Kaka akasukuma askari wa pembeni kumtishia askofu.

Mkunga hakumwondoa. Alimtuma farasi akamle yule askari mnono.

"Na askofu wako?"

"Nimemwona, kaka. Macho ninayo."

Kicheko kilikuwa kimeshampanda hadi kooni. Akauma mkono wa blauzi yake ili kisimtoke. Kaka akapima kulia, akapima kushoto. Askofu wa bure humpati kila siku. Akamla.

Farasi mweusi akaruka na kutua katikati ya kete nyeupe, akimtishia mfalme. Mfalme alikuwa amesongwa na watu wake mwenyewe, hana hata mraba mmoja wa kukimbilia.

Hatua ya nane.

Mkunga aliinuka kwa nguvu hata kiti kikapinduka. Mumewe akamnyanyua, akamzungusha, wakagonga kabati, wakacheka mpaka wakakosa pumzi. Mke wa kaka alifunika uso kwa viganja.

Mama akachungulia mlangoni, mikono imejaa povu. "Nani kashinda?"

Kaka hakuinua macho. Chozi lilidondoka ubaoni, karibu na mfalme wake.

"Haya, mchukue," alimwambia mdogo wake. "Ila niachie hata Jumapili tu."