Mkate kwa Mereti

Kila aliyezuru mahekalu na makaburi ya kale kando ya mto Nile alirudi nyumbani na marehemu mmoja wa kutunza. Ndiyo ilikuwa sheria. Nyamizi wa Mwanza alipewa Mereti, mke wa mfinyanzi, ambaye sauti yake ilitoka kwenye kigae cha chungu chenye jina lake.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Kila chakula kilipoiva, Nyamizi aliweka sahani mbele ya kigae na kusema, "Mkate kwa Mereti, maji kwa Mereti." Hivyo ndivyo wafu walivyokaribishwa, na aliye hai hakukaribishwa hivyo kamwe.

Mereti alikuwa mtu wa shukrani. Alishukuru kwa chapati, kwa sato, hata kwa kishindo cha mvua juu ya bati. "Maji ya ziwa lenu ndiyo yaliyoshuka na Nile yakatulea," alisema. Mayunga, mumewe Nyamizi, aliyezoea kula kimya na kuondoka, naye akajikuta anasema ahsante mezani. Nyumba ikaingiwa na raha.

Jumapili moja, Nyamizi hajafungua hata kinywa, kigae kikatangulia.

"Mkate kwa Nyamizi, maji kwa Nyamizi."

Mayunga aliacha kutafuna.

"Bibi," Nyamizi alisema taratibu, "hayo huambiwa wafu."

"Najua, mjukuu wangu. Umenilisha vizuri mno. Nimeona nianze mapema, nisije nikachelewa."

Nyamizi alisema ahsante, maana nyumba ile ilishazoea hivyo. Kisha akamega chapati, na hakuwahi kuonja nyingine tamu kama ile.