Tonge la Balozi

Macho yangu yalifika kwenye jina la kijiji chetu, Pito, nikakwama.

Nyaraka za siri za ubalozi mmoja wa nje zilikuwa zimevuja, na mimi, mwenye Kiingereza cha madarasa ya jioni, nilikuwa nawatafsiria wateja wa mgahawa wetu kutoka kwenye simu ya dereva wa lori.

Balozi mwenyewe alikula hapa mwaka juzi. Tangu siku hiyo mke wangu Coleta hujigamba kwamba ugali wake wa ulezi umeliwa na serikali ya Ulaya.

Kumbe balozi aliiandikia wizara yake: "Ugali ulikuwa mweusi na mzito. Nilijifanya nakula, nikauficha mfukoni."

"Mbona kimya, mzee?" dereva aliuliza. "Katutukana?"

Coleta alisimama na mwiko mkononi, ugali umemgandia hadi kwenye kiwiko.

"Anasema," nilitafsiri, "tonge jingine aliondoka nalo mfukoni."

Mgahawa mzima ulipiga makofi. Coleta akaniongezea nyama.

Mara dereva akapaza sauti kwa padri aliyekuwa akipita mlangoni. "Padri, Tumsifu Yesu Kristo! Njoo nawe usome kwa Kiingereza chenyewe Mama alivyosifiwa!"

Nikaikalia simu.